Sauti ya Mama Kwenye Stoo ya Madawati

Kicheko cha binti yangu nilikisikia tena mwezi wa tatu, na hakikutoka nyumbani kwangu. Nilikuwa natoka darasani, mikono myeupe kwa chaki, nimechoka kufundisha watoto waliolala huku macho yao yako wazi, ndipo nikakisikia kinatoka kwenye stoo ya madawati mabovu, nyuma ya maabara. Nilikijua palepale. Mtoto uliyemzaa unamjua kwa kicheko kama unavyomjua kwa kikohozi. Kilianza kama kwikwi, kikapanda, kikakatika, halafu kikamwagika chote. Nilikuwa sijakisikia tangu tulipomzika mama yangu.

Ilinipasa kufurahi. Mama mwingine angefurahi. Mimi nilisimama pale koridoni na swali moja tu: nani amemchekesha?

Nafundisha Hisabati kwenye shule ya kata pembezoni mwa mji wa Songea, na ni mwalimu wa taaluma pia, maana yake ratiba, mitihani na lawama zote za matokeo zinapita kwangu. Mwaka huo binti yangu alikuwa kidato cha pili katika shule hiyohiyo. Baba yake anafanya kazi Tunduru, kwenye maghala ya korosho, na huja nyumbani anapopata nafasi. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, tukiondoka pamoja asubuhi na kurudi pamoja jioni. Shuleni aliniita mwalimu kama wenzake, na mimi mwenyewe ndiye niliyetaka iwe hivyo, watu wasiseme napendelea. Nyumbani aliniita mama, lakini baada ya msiba ule hata hilo nilikuwa nalisikia kwa nadra. "Shikamoo mama." "Nimeshapika." "Ndiyo mama." Basi. Ungedhani nimepangisha mtu chumba.

Bibi yake alimlea kijijini Mpitimbi mpaka darasa la nne. Miaka hiyo nilikuwa nasoma chuo, halafu nikapangiwa kituo cha mbali, na mama alisema niache mtoto kwake, kijijini kuna maziwa na kuna watu. Likizo nilikuwa naenda kumchukua akae na mimi, zikiisha namrudisha. Mama alipofariki, binti hakulia. Alichota maji, aliosha vyombo vya waombolezaji, aliwapa wazee viti. Akina mama wa jumuiya walimsifu: mtoto shupavu huyu, kama mtu mzima. Na mimi nilijivuna kidogo, Mungu anisamehe, nikidhani ushupavu ule ulitoka kwangu.

Sasa huyo mtoto shupavu alikuwa anacheka stooni.

Niliambiwa ofisini, bila hata kuuliza. Mwalimu mpya wa Kiswahili ameanzisha klabu ya sanaa. Alikuwa dada mdogo, Myao kutoka Namasakata huko Tunduru, hiyo ndiyo ajira yake ya kwanza. Mfupi, hijabu yake imepigwa pasi kila siku, na ana tabia ya kufunika mdomo kwa kiganja anapocheka. Alikuwa ameingia kwa mkuu wa shule akamwomba ile stoo. Mkuu alimwambia mle mna panya tu. Akajibu, "Panya tutawahamisha, inshallah, mradi utupe funguo." Wanafunzi wakatoa madawati yaliyovunjika, wakafagia, wakaning'iniza mashuka ya bwenini kuwa pazia. Mmoja akaleta ngoma ya babu yake, wengine vibuyu. Jumatano na Ijumaa, vipindi vikiisha, wanakusanyika humo.

"Wanafanya nini hasa?" niliuliza.

"Maigizo," mwalimu wa Jiografia akasema. "Ngoma. Wanachora kwenye viroba. Binti yako yumo, hakukuambia?"

"Ameniambia," nilisema. Hakuwa ameniambia.

Tangu siku hiyo nilianza kuona mambo ambayo pengine yalikuwepo tangu mapema. Kuna mvulana wa kidato cha pili ambaye nilikuwa nimemkatia tamaa. Kanuni ya mistari miwili haikukaa kichwani mwake hata kwa dawa. Siku moja nilimkuta nyuma ya choo cha walimu anatembea huku na huko, akijisemesha kwa sauti, na yalikuwa majibizano marefu, pande zote mbili, bila kukwama. Aliponiona akanyamaza akasema shikamoo. Nikamuuliza hayo umeyakariri kwa muda gani. Akasema hajakariri, mwalimu, yanakuja tu. Yanakuja tu! Nimefundisha miaka mingi, na hakuna kitu changu kilichowahi kumjia mtoto yule kikiwa peke yake.

Lakini kwa mvulana yule niliumia kama mwalimu. Kwa binti yangu ilikuwa tofauti.

Alianza kufunga khanga kiunoni kama yule madamu, kwa fundo la pembeni. Alianza kusema "kwa kweli" mwanzoni mwa kila sentensi, kama yule madamu. Jioni moja nikakuta ametwanga korosho, zile ambazo baba yake hutuletea, akapikia kisamvu.

"Nani kakufundisha?"

"Madamu. Kwao wanapika hivyo."

"Karanga zetu zina ubaya gani?"

"Hazina ubaya, mama. Nimejaribu tu."

Kisamvu kilikuwa kitamu kuliko changu. Nilikula nikaongeza. Nilitaka kimshinde kupika, kiwe na chumvi nyingi, kiungue chini, ili niseme unaona sasa. Hakikuungua.

Madamu. Hakumtaja kwa jina wala kwa somo lake. Mimi nilikuwa mwalimu, mmoja kati ya walimu. Yule alikuwa Madamu, kama vile shule nzima ina mmoja.

Ijumaa moja nilichukua madaftari ya kusahihisha nikaenda kukaa kwenye ngazi ya nyuma ya maabara. Nilijiambia ofisini kuna kelele. Ngazi ile iko chini ya dirisha la stoo, na dirisha lile halina kioo. Ilikuwa msimu wa baridi, upepo wa milima ya Matogoro ulikuwa unapeperusha kurasa, na mtu yeyote mwenye akili angekaa ndani. Nikaweka jiwe juu ya madaftari, nikashika kalamu nyekundu, nikasikiliza.

Kwanza nilisikia ngoma ikijaribiwa. Kisha yule mwalimu akasema, "Haya, tuanze pale bibi anapotoka nje." Halafu mama yangu akazungumza.

Sijui niseme vipi. Haikuwa sauti inayofanana na yake, ilikuwa yake. Kule kuguna kidogo kabla ya kukaa chini, kama anayekiomba kiti radhi. Kule kuburuta mwisho wa neno, na kuchanganya Kingoni katikati ya Kiswahili bila kujua kama amevuka mpaka. Alikuwa anamgombeza kuku.

"We kuku, unaniangalia nini? Mimi si mchumba wako! Toka hapo, mahindi haya si ya mahari!"

Stoo nzima ikaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimedondosha kalamu. Mama alikuwa anasema maneno hayohayo, kwa kuku walewale, uani kwetu Mpitimbi, na nilikuwa nimeyasahau kabisa. Nilimzika na kuku wake wakasahauliwa. Mtoto hakuwasahau.

Igizo likaendelea. Nilielewa kwamba kuna mjukuu, na mjukuu anakuja kuchukuliwa. Bibi anahangaika kufunga vitu kwenye mfuko, anasahau, anarudi. Halafu sauti ikashuka, nikalazimika kusimama ili nisikie.

"Mjukuu wangu, ukitoka funga mlango taratibu. Mimi nitajifanya nimelala. Usiniage. Nikikuaga nitalia, na mama yako hapendi kelele."

Hapo hakuna aliyecheka.

Nilikusanya madaftari yangu nikaondoka bila kusahihisha hata moja. Kila nilipokwenda kumchukua mtoto Mpitimbi nilimkuta mama amelala. Ndivyo nilivyoamini. Nilikuwa nachungulia chumbani, namwona amegeukia ukutani, nasema mwacheni mzee apumzike, tunaondoka na gari la asubuhi. Miaka yote ile. Na sasa nimelijua jambo la mama yangu mwenyewe kupitia dirisha bovu, pamoja na kundi la watoto wa watu, na baada ya mgeni kutoka Tunduru, ambaye hata sura ya mama haijui.

Usiku ule nilikaa mezani na binti yangu. Nilimtazama akila. Nilitaka kumwuliza, kwa nini yule? Mwaka mzima nimekaa mezani na wewe. Kwa nini umempa yule?

Jumatatu yake nikamvizia yule mwalimu ofisini wenzetu walipokwenda chai. Alisimama aliponiona, kama kawaida yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nasikia mnaigiza wazee."

Uso wake ukachanua. "Ndiyo dada! Binti yako ana kipaji, mashallah. Yule bibi anayemwigiza, sisi wote tunampenda. Jana nimemwota."

Amemwota mama yangu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijamwota hata mara moja.

"Amekuambia nini kuhusu bibi yake?"

"Bibi yake?" Alinitazama. "Hajaniambia kitu, dada. Nilidhani amembuni."

"Bibi yake amefariki mwaka jana. Ndiye aliyemlea."

Aliketi taratibu. Kiganja kilikwenda mdomoni, ila safari hii hakuwa anacheka. "Subhanallah. Pole sana, dada. Sikujua. Mimi niliwaambia tu kila mmoja alete mtu mmoja anayemjua kutembea kwake. Tulianza na kutembea. Yeye akamleta huyo. Sikumwuliza ni nani, huwa siwaulizi."

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu makali, yamepangwa vizuri, na sasa hayakuwa na pa kwenda. Hakuwa amepewa siri yoyote. Ungedhani nitapoa. Wivu ukikosa mtu wa kumshika haupoi, unazunguka tu. Nilikasirika kwamba hakuuliza. Nilikasirika zaidi kwamba kutouliza kwake kulifanya kazi kuliko maswali yangu yote ya mezani: umekula, umesoma, una nini, mbona huongei.

"Basi asijue kwamba nimekuambia," nikasema.

"Siwezi kumwambia, dada. Wallahi."

Wiki chache baadaye ulikuja upepo wa kunisaidia. Mkuu wa shule aliitisha kikao cha walimu. Mtihani wa kidato cha pili unakaribia, akasema, Hisabati iko hoi, na yeye anaona watoto wanapiga ngoma kuliko wanavyosoma. Pendekezo lake ni klabu isimame mpaka mitihani ipite, na zile Jumatano na Ijumaa ziwe vipindi vya ziada vya Hisabati. Stoo irudi kuwa stoo.

"Mwalimu wa taaluma, wewe unasemaje? Somo ni lako."

Wote wakanigeukia, isipokuwa mmoja. Yule dada alikuwa anatazama mikono yake juu ya meza.

Nilikuwa na kila sababu. Matokeo yalikuwa mabaya kweli, sikuhitaji kusema uongo hata kidogo. Nilifungua mdomo nikubali. Na hapo ndipo nikaona, kama mtu anayeona shimo mguu wake ukiwa tayari hewani, kwamba stoo ikifungwa igizo halitakufa. Watahamia kwake. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Lizaboni, chenye uwanja mpana mbele, na watoto walikuwa wanampenda kiasi cha kumfuata. Binti yangu atakuwa huko Jumatano, Ijumaa, na labda Jumapili baada ya misa. Mama yangu atakuwa anazungumza Lizaboni, na Lizaboni mimi sina dirisha.

"Klabu ibaki," nikasema.

Mkuu akavua miwani. "Ibaki?"

"Ibaki. Vipindi vya ziada tuweke asubuhi kabla ya mstari, nitavifundisha mimi. Mtoto aliyekaa kimya kutwa nzima huwezi kumwingizia kitu kichwani jioni. Wakitoka mle stooni wanakuwa wamechangamka, mimi nimewaona." Na hilo lilikuwa kweli, ingawa silo lililonifanya niseme. Yule mvulana wa kanuni ya mistari miwili alikuwa ameanza kunyoosha mkono. Mara nyingi alikosea, lakini alikosea kwa sauti kubwa, na mtu anayekosea kwa sauti unaweza kumrekebisha.

Walimu wakatikisa vichwa kukubali. Mkuu akasema ndiyo maana tuna mwalimu wa taaluma mwenye busara. Kikao kilipokwisha yule dada alinifuata mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamejaa maji. "Dada, Mwenyezi Mungu akulipe. Sikutegemea wewe." Nilimwambia asijali. Ningemwambia nini? Kwamba amenusurika kwa sababu namwonea wivu?

Nikaendelea kukaa kwenye ngazi yangu. Baridi ilipozidi nikawa nabeba shali.

Siku ya mahafali ya kidato cha nne tulifunga maturubai uwanjani, wazazi wakaja kutoka mjini na vijijini, mgeni rasmi akachelewa kama ilivyo ada, na spika zikapiga kelele mpaka tukazoea. Mume wangu alikuja kutoka Tunduru. Nilimketisha nyuma yangu kidogo, safu ya walimu ilikuwa mbele. Vijana walicheza lizombe, ngoma ya Wangoni, vumbi jekundu likapanda mpaka kwenye meza kuu, na wazee wawili wa kijiji jirani walishindwa kuvumilia wakaingia uwanjani kucheza nao. Kisha mshereheshaji akatangaza igizo.

Binti yangu akatoka nyuma ya shuka. Amejipaka unga kwenye nywele, amejifunga khanga mbili, amepinda mgongo. Nilikuwa nimemsikia mara nyingi, sikuwa nimemwona. Alitembea hatua chache tu, na mama mmoja nyuma yetu, wa Mpitimbi lazima, akasema kwa sauti, "Yesu wangu!" Alikuwa amemtambua.

Kuku aligombezwa, watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha akaingia mtu ambaye stooni nilikuwa nimesikia sauti yake tu, sikumtilia maanani: mama wa yule mjukuu. Msichana mrefu, mkoba begani, anatazama saa kila baada ya neno. Anahesabu nguo za mtoto anapozitia kwenye begi, anahesabu tena kwa kuzitoa. Anasema, "Haraka, gari litatuacha." Anasahihisha Kiswahili cha bibi. Mwalimu wa Jiografia alikohoa ghafla. Mume wangu akainama kwenye sikio langu.

"Huyu mbona kama..."

"Kama nani?"

"Hakuna."

Halafu bibi akamwambia mjukuu maneno yake, akajilaza kwenye mkeka. Yule mama akaja, akachungulia, akasema kwa upole kabisa, "Mzee amelala, tusimwamshe." Wakaondoka. Bibi akabaki amelala ubavu, mgongo kwa mlango, uso kwetu. Macho yake yalikuwa wazi. Alikaa hivyo muda mrefu, akitutazama, mpaka watoto wadogo waliokaa chini wakaacha kugombana, na akina mama wakaanza kupangusa pua kwa ncha za khanga.

Nilidhani nitalia kama wao. Badala yake nilihisi wivu mkubwa kuliko wote wa mwaka ule, na haukuwa wa yule dada wa Tunduru. Nilipokuwa na umri wa binti yangu nilipelekwa bweni, kule Peramiho. Mama alinisindikiza mpaka barabarani, akanikabidhi sanduku langu, akaniambia nisome kwa bidii, akageuka akarudi shambani kabla gari halijaondoka. Hakujifanya amelala kwa ajili yangu. Hakuficha machozi yoyote, au kama aliyaficha sikuonyeshwa mahali. Huyu mtoto alipewa mama ambaye mimi sikupewa. Alimpata amelainika, amezeeka, ana muda wa kuzungumza na kuku. Na kila kitu nilichokuwa nakisikiliza chini ya dirisha lile, nikijidai namchunga binti yangu, nilikuwa nakisikiliza kwa njaa yangu mwenyewe.

Makofi yalipigwa mpaka mgeni rasmi akasimama. Yule dada alikuwa pembeni ya shuka, analia waziwazi. Binti yangu aliinama kwa mgongo wa bibi, halafu akanyooka akawa mtoto tena, na macho yake yakatafuta kwenye viti. Nilisubiri yatue kwa Madamu. Yalipita kwake, yakaja kwangu. Yalikaa kidogo, yakiuliza. Nilipiga makofi. Sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Jioni baba yake alikwenda kusalimia marafiki, nikabaki na binti uani. Alikuwa anaosha unga kwenye nywele, mimi nikimmiminia maji ya uvuguvugu.

"Alikuwa anajifanya kweli?" nikauliza.

Alijua nasema nini. "Kila mara, mama."

"Wewe ulijuaje?"

"Alikuwa anakoroma vibaya. Bibi hakuwa anakoroma. Alikuwa anaiga babu."

Nilicheka, naye akacheka, maji yakamwingia machoni. Nikampa taulo. Halafu, kwa sababu nilikuwa nimelitaka jambo hilo miezi mingi, nikasema, "Nifanyie ile sauti. Kidogo tu. Ile ya kuku."

Alijifuta uso taratibu. "Hapa siwezi, mama."

"Kwa nini? Mbele ya watu wote wale umeweza."

"Kule anakuwa yupo. Hapa nikiifanya nitakumbuka kwamba amekufa."

Na akalia. Alilia kilio ambacho kilipaswa kutoka kule makaburini, kwa mwili mzima, maji ya nywele yakichuruzika kwenye gauni langu. Nilimshika. Nilimwambia kwamba mimi nilidhani amelala, kweli nilidhani amelala. "Najua, mama," alisema kifuani kwangu. "Bibi alisema usiambiwe."

Mwaka uliofuata yule dada aliomba uhamisho kurudi Tunduru, mama yake alikuwa mgonjwa. Nilimsindikiza stendi pamoja na watoto. Binti yangu alimkumbatia, hakutaka kumwachia, na nitasema ukweli, hata pale stendi nilitazama saa kuona wanakumbatiana muda gani. Yule dada aliniaga wa mwisho. "Dada, nakuachia watoto," akasema. Nilimjibu watoto ni wetu sote, kama tunavyojibu sisi walimu. Basi lilipoondoka nilishangaa kuona nami nimebaki nalitazama mpaka lilipokata kona. Nilikuwa nimemzoea. Mtu ukimwonea wivu kwa muda mrefu unamjua kuliko marafiki zako: unajua hijabu zake zote, unajua anavyocheka, unajua siku alizoumwa kichwa.

Kwenye kikao mkuu aliuliza nani atasimamia klabu ya sanaa. Mwalimu mmoja kijana wa Kiingereza akaanza kuinua mkono. Wangu ulikuwa umeshafika juu.

Sina kipaji. Siku ya kwanza niliwapangia ratiba ya mazoezi kwa dakika, wakaiangalia kwa heshima, wakaendelea na mambo yao. Wananipa nafasi ya mlinzi wa geti, mwenye sentensi moja, na sentensi hiyo wanasema naitamka kama swali la mtihani. Nakaa kwenye dawati bovu, nasahihisha, nasikiliza. Sasa niko ndani.

Muhula huu amekuja msichana wa kidato cha kwanza kutoka njia ya Peramiho, mwembamba, mkimya, hata viatu vyake vinaomba radhi. Jumatano iliyopita walimwambia alete mtu anayemjua kutembea kwake. Akamleta fundi wa baiskeli wa kwao, mlevi, anayesema yeye si mlevi. Stoo ililipuka. Mvulana wangu wa kanuni ya mistari miwili alianguka kwenye dawati akiwa ameshika tumbo. Nilicheka hadi machozi, halafu nikamtafuta binti yangu nimwone anavyocheka. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono imefungwa kifuani, anatabasamu kwa mdomo tu. Uso ule niliujua vizuri sana.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa kimya mpaka tulipopita sokoni.

"Mama, yule mtoto mpya unamwonaje?"

"Anajua."

Tukatembea. Bodaboda zikapita.

"Ananizidi?"

Ningeweza kumdanganya, na nilitaka. Ningeweza pia kumweleza kwamba moto huo wa wivu hauzimiki kwa kusifiwa, maana mimi nimejaribu.

"Kwenye kuchekesha anakuzidi," nilisema. "Kwenye kunyamaza bado wewe. Ijumaa mpange acheze na wewe."

Alinuna. Alipika ugali amenuna, akala amenuna, alisema usiku mwema bila kunitazama. Ijumaa nilipofika stooni nimechelewa, na madaftari kifuani, niliwakuta yeye na yule mtoto mpya katikati ya chumba wameketi kwenye dawati moja, fundi wa baiskeli na abiria wake, wanagombea nani kati yao ndiye aliyetoboa tairi.